Ng'ombe Kumi na Mmoja kwa Shavu Moja

Jumamosi, 2 Machi 1957
Nimerudi mnadani na maandazi thelathini. Nilipika mia. Nyangi, jirani yangu wa meza, naye alipika mia, yake madogo, bei ile ile, na kabla ya saa nne sinia lake lilikuwa tupu. Vijana wanamwita dada, wanamwachia chenji. Kwangu wanaweka hela mezani wakitazama pembeni. Ndui iliniachia uso huu nikiwa mtoto. Nimezoea. Si kweli, sijazoea.

Jumatatu, 4 Machi
Shemeji Mwita, mdogo wa marehemu mume wangu, ameleta habari toka Busawe. Mimi sina mtoto wa kiume, na ng'ombe ninao, tena wa jasho langu. Kwa hiyo nitaoa binti, kama wajane wengine wa kwetu walivyooa. Watoto wa huyo binti watakuwa wa nyumba yangu. Mzee Chacha ana mabinti wawili. Bhoke, mzuri wa sura: ng'ombe ishirini na watano. Robi, aliyeungua shavu utotoni: kumi na wanne. Wote wanalima. Robi ndiye hodari zaidi, Shemeji mwenyewe kasema. Nikatoa bei ya Robi kwenye ya Bhoke. Kumi na mmoja. Ng'ombe kumi na mmoja kwa shavu moja! Sikula.

Jumanne, 5 Machi
Nimeamua. Robi, kwa ishirini na watano. Asiwepo wa kumcheka. Kibanda cha nyuma nimeanza kumkandikia.

Ijumaa, 8 Machi
Busawe. Miguu imevimba. Mzee Chacha kacheka mpaka akakohoa. "Mura Mwita, kijana wangu, shemeji yako ni mzima kweli? Watu wanaomba kupunguziwa, yeye anapandisha!" Nikamwambia hesabu naijua.
Robi alileta maji ya kunawa. "Shikamoo mama." Upande wa kovu kaugeuzia ukutani. Namna hiyo ya kugeuka naijua. Nilifurahi mno, mpaka naona aibu kuandika.

Jumamosi, 9 Machi
Asubuhi nilimfuata Robi kwenye jiwe la kusagia. Hakuacha kusaga.
"Mama, mchukue dada."
Nikauliza kwa nini.
"Hapa niko peke yangu na kovu langu, wamenizoea. Nikija kwako tutakuwa wawili. Watasema nyuso zimetafutana. Watakuja kututazama."
Kisha akaniangalia usoni, mara moja tu, akainamisha macho. Kama wale wa mnadani. Sawasawa na wao.
Baba yake kasema fimbo itamnyoosha. Nimekataa. Akasema basi Bhoke. Nimekataa pia. Nimeumia kuliko siku ile mume wangu aliponiambia nilale jikoni. Ng'ombe nilihesabu vizuri. Robi mwenyewe sikumuuliza.

Jumatatu, 11 Machi
Nimefika nyumbani Turwa. Shemeji alinibebea mzigo njia nzima. Nashukuru.

Jumapili, 31 Machi
Shemeji amenipa habari nje ya kanisa. Robi ameolewa Nyansurura, mke wa nne wa mzee mmoja. Ng'ombe kumi na wawili. Wamepunguza wawili tena. Ameniuliza kama anitafutie binti mwingine. Nikamwambia tupande mtama kwanza.
Mvua imenyesha tangu mchana. Kibanda nilichomkandikia Robi hakivuji hata kidogo. Nimeingiza ndama wawili humo, nikakaa nao mpaka mvua ikakatika.