Mashimo Yangu Kule Lundo na Fungate ya Mtoto Wetu

Mpendwa mke wangu Yustina,

Nakuandikia nikiwa barazani kwetu Mbuji. Ni jioni, ukungu umeanza kurudi juu ya kahawa, nami nimevaa lile sweta la kijivu ulilotaka kulitupa mara tatu. Nina habari niliyoshindwa kukaa nayo peke yangu. Mtoto wetu wa mwisho, Edeltruda, atafunga ndoa baada ya mavuno ya kahawa, na jana yeye na mchumba wake walichagua mahali pa kwenda fungate. Nitakuambia ni wapi, lakini kwa utaratibu, kwa maana nilipata taabu kabla ya kufika hapo, na taabu hiyo uliniachia wewe.

Unaikumbuka siku ile wodini, nilipokuletea uji ukakataa kunywa. Uliniambia, "Edel akiolewa, natamani ndoa yake aianzie Lundo, kule ziwani kwetu, kama sisi." Nikajibu kwamba hilo ni jambo dogo, nitamwagiza. Ukanishika mkono. "Usimwagize. Wewe ukiagiza, mtoto anatii tu. Nataka apapende mwenyewe." Nikakuahidi. Ndiyo ahadi ya mwisho niliyokupa, na kwa mtu aliyefundisha shule ya msingi maisha yake yote kwa kuagiza, ilikuwa nzito kuliko gunia la kahawa mbichi.

Sisi wenyewe hatukuchagua kitu. Shangazi yako Kolumba, aliyekulea kule Lundo, alituma neno kwamba mkwe kutoka milimani lazima aonekane, na neno lake lilitosha. Tuliteremka kwa lori kutoka Mbinga, siku nzima, barabara ikizunguka mlima. Kwenye kona ya kwanza nilivua koti, kwenye ya tano nikavua sweta, na karibu na mwisho nikavua tai. Ukaniuliza, "Mwalimu, ukiendelea hivi tutafika na nini?" Kisha miti ikaachana, nikaliona ziwa. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, na nilikuwa nafundisha jiografia bila kuwahi kuona maji yaliyokwenda mbali namna ile.

Kesho yake ulinipeleka kwenye mwamba ule mweusi unaoingia majini. Samaki wadogo wa buluu walikuja wakanidonoa vifundoni, nikaruka. "Simama," ukaniambia. "Wanakusoma, mwalimu." Na Jumapili, baada ya kutoka kanisani, wanaume walicheza ngoma ya mganda wamepanga mistari kama askari, soksi nyeupe zimevutwa hadi magotini. Halafu wanawake wakaingia na ngoma yao ya kioda, na wewe ukiwa katikati yao. Nilikuwa nimekujua kwa miaka miwili, na hukuwahi kuniambia kwamba unacheza. Nilisimama pembeni nikiwa na kofia mkononi, na nadhani siku ile ndipo nilipokuoa hasa.

Sasa nirudi kwenye jana.

Edel na mchumba wake walikuja kutoka Songea. Mchumba anaitwa Joakimu, fundi umeme, kijana wa Mtwara. Alinisalimu "Shikamoo, Baba" akiwa amesimama, akangoja marahaba kabla ya kukaa. Ungempenda. Nikawapa chai, nao wakaanza kubishana mbele yangu wakipekua picha kwenye simu.

"Mimi nataka Unguja," akasema Edel. "Sijawahi kuiona bahari. Nataka mchanga, nataka maji, lakini pia nataka kuona watu na mambo yao. Sitaki kulala hotelini kama mgonjwa."

"Bahari nimelelewa nayo," akasema Joakimu. "Ukinipeleka baharini umenirudisha nyumbani."

"Basi twende kwenu."

"Kwetu? Mama atakupa pweza umpige mpaka alainike, siku ya kwanza tu, ukiwa bado na hina."

"Nitampiga yeye na wewe."

Wakaitaja Kilwa, wakaitaja Pangani, wakaitaja Bagamoyo. Kila palipotajwa, mmoja alipakataa. Nilikaa nimekibana kikombe kwa mikono miwili. Edel akanigeukia. "Baba, wewe unasemaje?"

Yustina, jina la Lundo lilikuwa limefika kwenye meno. Nikasema, "Kunyweni chai, inapoa."

Mtoto akanitazama kwa hofu. "Baba, unaumwa?"

Walikuwa wameshaanza kutafuta nauli za kwenda Unguja, nami nimeshakata tamaa, Edel alipokumbuka kwamba hajampa Bibi Kolumba tarehe ya arusi. Akampigia, akaweka sauti ya juu ili sote tusikie. Shangazi yako amezeeka miguu, lakini ulimi ni uleule.

"Huyo mwanaume ni wa wapi?"

"Wa Mtwara, Bibi."

"Siyo wa milimani?"

"Hapana, Bibi."

"Afadhali. Baba yako yupo hapo? Mwambie mashimo yake bado yapo. Bata wangu wanaogelea humo kila masika, wamenenepa, wanamsalimu."

Edel akaiweka simu mezani polepole. "Mashimo gani, Baba?"

Unajua kwamba niliagiza jambo lile lisisimuliwe mbele ya watoto, na wewe ulilinyamazia miaka yote, ingawa mara nyingi niliona mdomo wako ukitetemeka. Jana sikuwa na pa kukimbilia. Nikawasimulia.

Niliwaambia kwamba mkwe mpya, akifika kwa wakwe, huonyesha mkono wake kwa jembe. Shangazi alinipa kipande cha mchanga karibu na ufuko nipande muhogo. Alitaka matuta tu. Mimi, Mmatengo, nikaona hawa watu hawajui kulima. Nikafyeka majani, nikayapanga miraba, nikachimba ngoro kama tunavyochimba huku kwetu mlimani ili mvua isiibebe ardhi: mashimo ishirini na manne, yamenyooka kama madawati. Nikapanda muhogo kwenye kingo zake. Shangazi alikuja, akatazama, akauliza, "Mkwe, umezika nani?" Nikamweleza faida ya ngoro kwa kirefu, kama niko ubaoni. Akanisikiliza hadi mwisho, akaenda zake.

Siku ya nne mvua ikanyesha. Huku kwetu maji hutulia ndani ya shimo yakanywewa na mlima. Kule, chini ya mchanga kuna ziwa. Mashimo yalijaa, kingo zikayeyuka, na pingili za muhogo zikatoka zikaelea, zote, kuelekea ufukoni. Mkwe akaonekana, mbele ya kijiji kizima, akikimbiza muhogo majini akiwa amevaa tai.

Joakimu alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika. Alijitahidi kwa heshima. Nikamwambia, "Cheka tu, kijana. Mke wangu alicheka mpaka akakaa mchangani, na aliposimama akaniita Mchimbaji."

Akacheka. Edel hakucheka. "Mama alicheka hivyo?" akauliza.

Hapo ndipo nilipoelewa ulichokuwa unataka. Mtoto huyu alikuwa darasa la tatu ulipoanza kuugua. Anakumbuka dawa zako, anakumbuka kitanda, anakumbuka namna ulivyojikaza. Hakuwahi kukuona umekaa mchangani kwa kicheko. Akaanza kuuliza: ni ufuko upi, mwamba uko upande gani, kioda ulichezaje, ulivaa nini. Nilijibu nilichoulizwa tu, sikuongeza hata neno moja.

Mwishowe akaizima simu yenye picha za Unguja. "Joa, kuna maji pale, kuna mchanga, kuna ngoma, na kuna Bibi."

"Na bata," akasema Joakimu. "Halafu mimi sijawahi kuogelea kwenye maji yasiyo na chumvi."

"Baba, tukienda Lundo utakasirika?"

Nikasema, "Ninyi ndio mnaochagua."

"Basi tumechagua."

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikajifanya natazama kuni. Nikakaa pale mpaka uso wangu ukarudi kuwa wa mwalimu.

Shangazi alipopigiwa tena akatoa masharti yake. Bwana arusi atashika jembe kama desturi ilivyo, lakini matuta. Na mimi niwalete mwenyewe, nimwonyeshe kijana yale mashimo asije akarudia, kisha nipande gari nirudi kwangu, kwa sababu fungate si ya wazee. Sijateremka ziwani tangu ulipoondoka. Nilikuwa nasema ni magoti.

Magoti leo ni mazima. Nimeamka kabla ya jogoo, nimeshawaandikia watoto orodha: wakae dirishani, waone ziwa kwenye kona ile, wasimwambie Shangazi kwamba ugali wa muhogo haujazoeleka, wamwombe awatafutie samaki wa kuchoma, hatawanyima. Barabara sasa ina lami, tutafika chai ya asubuhi ikiwa bado tumboni. Juzi nilikuwa mzee. Leo nimekwenda Mbinga mjini kununua kandambili. Nikazijaribu juu ya soksi. Muuzaji akaniuliza, "Mwalimu, na soksi tena?" Nimempuuza.

Jembe nitaliacha nyumbani. Nitawakabidhi watoto kwa Shangazi, nitawapa bata salamu zao, na kabla gari halijageuka nitakwenda mara moja kwenye ule mwamba, nivue kandambili na soksi, niingize miguu majini. Samaki wakija kunisoma, safari hii sitaruka. Nitasimama kama ulivyoniagiza.

Mumeo,
Mchimbaji