Yadi Tatu za Royce Kubena

Jumatatu, 14 Oktoba 2019
Nimeficha jambo moja tangu fainali ya futiboli ya Kimarekani ya shule za Texas, mwaka 1971. Mji mzima unaamini kwamba Royce Kubena, mrushaji wetu, alipuuza amri yangu, akarusha mpira, tukakosa kombe. Hakupuuza. Mimi, kocha wake, ndiye niliyemwagiza arushe.
Daktari anasema moyo umechoka. Si wa leo kuchoka!

Jumatano, 16 Oktoba
Binti yangu kanipeleka mkahawani, mayai na soseji. Royce alikuwepo, mvi tupu. Buck kinyozi akapaza sauti toka meza ya pili:
"Royce, hiyo chumvi niletee mkononi, ndugu yangu. Usirushe! Itadakwa na wapinzani!"
Wakacheka wote. Royce akanyanyuka, akamwekea mbele.
"Haya, shika. Wewe hata ukipewa mkononi unaangusha."
Kisha akanitazama. Nikakoroga kahawa isiyo na sukari.

Ijumaa, 18 Oktoba
Mechi ya vijana redioni. Wanarusha, wanarusha — upuuzi mtupu! Nilifundisha makocha wa jimbo zima: mpe mkimbiaji mpira, apenye nao kifuani mpaka mabeki wasogee mbele kumzuia. Hapo ndipo urushe nyuma yao. Kukimbia kunakufungulia kurusha. Ukizidisha kimoja umeshasomwa. Walinipigia makofi.
Na mfano wangu wa kosa? Royce, kila mara. Yadi tatu zimebaki kufika mstari wa goli, mkimbiaji wetu Otis hazuiliki, na kijana anarusha! Mpinzani akadaka, kombe likaenda.
Sikuwahi kuwaambia kwamba kwangu mrushaji hakuchagua kitu. Kila shambulizi, mchezaji mmoja aliingia toka benchi na neno langu mdomoni. Lile la mwisho alilibeba Dale. Dale tumemzika Machi. Nilitoa rambirambi — na nikapumua. Mungu anisamehe.

Jumapili, 20 Oktoba
Royce kaja baada ya kanisa, na pai ya kokwa za pekani aliyooka mkewe. Tukakaa barazani. Nilidhani anataka niwatangazie watu. Wala.
"Kejeli nimezizoea, Kocha. Nina swali moja tu. Otis alikuwa anawapasua. Dale alipoleta neno nikakugeukia, nikidhani kakosea. Ukaitikia kwa kichwa. Kwa nini turushe?"
Nikaanza: mabeki walikuwa wamejazana mbele, mizani ya mashambulizi...
"Hayo ulinifundisha, nayajua. Nakuuliza sababu."
Nimeingia ndani, nikisingizia dawa. Namwona dirishani, kofia magotini, anangoja. Naandika kwanza, nione kama mkono utakubali kabla ya mdomo.
Siku ile ya fainali, jukwaani alikaa mtu wa chuo kikuu, kaja kutafuta vijana wa kudakia timu yao. Mdakaji wetu alikuwa Garland, mwanangu, na mechi nzima mpira haukuwa umemfikia hata mara moja.