Mti Kwenye Kona ya Mto Sorrel

Kambini, Mto Sorrel, Montana
24 Mei 1997

Shangazi Marlys,

Shikamoo. Natumai nyonga imepunguza kukusumbua na mbweha hajarudi bandani kwa kuku. Mimi mzima, ila mikono imepasuka kwa makasia.

Theluji ya milimani inayeyuka yote kwa mpigo. Mto umekuwa rangi ya kahawa ya maziwa, na tukilala tunasikia mawe yakigongana chini ya maji. Samaki wetu, trauti, wamejibana kingoni, nyuma ya mawe, palipotulia. Kuwapata unawapata, lakini kwa miguu, kama ulivyonifundisha: unatupa chambo cha manyoya, kile kikubwa cheusi, hatua mbili tu kutoka ukingoni, bila hata kulowesha viatu.

Bosi wetu, Bwana Rusk, hataki kusikia habari ya miguu. Wateja wamelipia boti, basi ni boti. Jana nilitembea hadi kona ya pili chini ya daraja, nikakuta mti mkubwa umeanguka, umelala mtoni karibu ukingo hadi ukingo, maji yanapita katikati ya matawi. Boti ikiingia pale haitoki.

Wiki ya kwanza ya Juni nimepangiwa mzee mmoja kutoka Ohio, Bwana Applegate, daktari wa meno mstaafu. Amejifunza kutupa mshipi kwenye majani ya uwani kwake, hajawahi kuvua mtoni. Nikikataa, kazi sina. Unasemaje?

Mwanao,
Signe

Miles City
28 Mei

Signe mwanangu,

Marahaba. Nyonga ni ile ile, daktari anataka kuipasua mwezi wa saba. Mbweha amerudi, amechukua jogoo, sasa hata kuamka naamka nikipenda.

Hayo maji usiyavulie nguo. Mwambie Rusk hapana, umtazame usoni ukimwambia. Akikufukuza, njoo huku, kitanda chako hakijalaliwa na mtu. Nimezika kaka yangu, sitaki kumzika na mtoto aliyeniachia.

Ule vizuri. Na uvae soksi za sufu, usijifanye mwanamume.

Shangazi yako,
Marlys

Kambini
3 Juni, asubuhi

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, na nimekataa. Nilimwambia Bwana Rusk nitampeleka mzee kwa miguu kwenye kijito cha juu, maji ya kule bado ni maangavu, unaona hadi chini. Akaniambia mbele ya wote, "Mteja kalipia mto, wewe unataka kumpeleka kwenye mtaro." Kisha akawageukia wenzangu. "Nani mwingine amegeuka bibi kizee hapa?"

Mwenzangu Colter ndiye aliyechukua makasia. Nilimfuata akifunga boti kwenye trela, nikamwambia, "Colter, kona ya pili chini ya daraja kuna mti. Huwezi kupita. Tia nanga kabla hujaufikia, mbebe boti kwa nchi kavu."

Akacheka. "Dada, umeanza kuongea kama shangazi yako."

Nikamwambia siyo mzaha. Akasema, "Nimesikia, nimesikia."

Mzee alikuja na kofia mpya, na mkewe akampiga picha. Sasa wapo mtoni. Mimi nafungasha. Nikienda mjini nitaitia hii posta.

Signe

Miles City
11 Juni

Mwanangu,

Nimesikia redioni. Wametaja mto, hawakutaja majina, wala watu wangapi. Barua yako ya tarehe tatu ilifika siku moja na habari hizo. Nimepiga simu kambini, haipokelewi.

Sikuulizi kitu. Niandikie neno moja tu nijue unakula.

Shangazi yako

Mjini, kwa Bi Dorrance
1 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kunyamaza. Ninakula. Nimepanga chumba kwa huyu mama, ananilazimisha.

Boti iliingia kwenye mti ule ule. Colter alishika tawi akapanda. Bwana Applegate alivutwa chini pamoja na boti, na hawakumpata mpaka maji yalipoanza kupungua. Tulimtafuta kila siku, mimi upande huu wa mto, Colter upande wa pili.

Colter alimwambia sherifu hakuna aliyejua kuhusu mti. Bwana Rusk kasema vivyo hivyo. Juzi Colter alinisubiri nje ya duka la mkate. Amekonda, macho yameingia ndani. "Signe," akasema, "wakijua uliniambia, mimi ndiye niliyemuua. Mama ananitegemea mimi tu. Wewe hukuwepo kule. Kaa kimya, basi, nakuomba."

Mama Applegate hajarudi Ohio. Anakaa kwenye hoteli ya barabarani, na kila mtu wa mtoni akipita anamuuliza swali lile lile: ilikuwaje mkampeleka kwenye maji yale?

Kikao cha uchunguzi ni tarehe tisa, nami nimeitwa. Niambie la kufanya.

Signe

Miles City
5 Julai

Signe,

Safari hii sikuamulii. Nilikwambia ukatae, na ningekwambia tena leo. Lakini nilipokuwa naandika nilimfikiria mwanangu peke yake. Sikujiuliza hata mara moja ni mtoto wa nani atakayeshika makasia baada yako. Hilo linaniamsha usingizini.

Jumatatu wananipasua, siwezi kuja. Ningekaa pale nyuma ukaniona.

Shangazi yako anayekupenda

Mjini
12 Julai

Shangazi,

Pole na kisu. Bi Dorrance alipiga hospitali, wamemwambia umeanza kugombana na wauguzi, nikajua umepona.

Kikaoni waliniuliza kama niliuona mti. Nikasema niliuona. Wakili wa Bwana Rusk akauliza, "Na ulimwambia nani?" Nilimtazama Colter.

Colter akasimama bila kuitwa. "Aliniambia mimi," akasema. "Nami nikampigia Bwana Rusk kwa simu ya kibandani pale darajani. Akasema pita kushoto, upo upenyo. Hapakuwa na upenyo." Bwana Rusk akainuka akitukana, wakamkalisha. Kesi itaendelea, na Colter naye huenda akashtakiwa.

Tulipotoka, Mama Applegate alituomba tumwonyeshe mahali. Tukaenda watatu kwa gari lake. Maji sasa ni meupe, unahesabu changarawe, na trauti walikuwa wakiibuka kula wadudu kana kwamba hakujatokea kitu. Mama Applegate akasogea hadi ukingoni.

"Alipata samaki?" akauliza.

"Mmoja," Colter akasema. "Alimshika mkononi, akamrudisha majini."

"Aliogopa?"

"Hapana, mama. Alikuwa anacheka."

Mama yule akamgeukia. "Usinidanganye na wewe."

Colter akatazama maji.

"Mwanzoni," akasema. "Mwanzoni alikuwa anacheka."

Mwanao,
Signe