Nywele za Houda Zimeanza Kuota

Avenue ya 9, Buyenzi,
Bujumbura.
12 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Nura,

Asalaam alaikum. Habari za huko Maskati na joto lake? Mgongo umeacha kukusumbua? Sisi tu wazima, ila mama goti linamtesa akisujudu, na mimi nina jambo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Barua hii nampa Azzan, yule mwenye duka la vipuri hapo kona, anasafiri Jumapili. Kwenye simu siwezi kuyasema. Mwanao Houda hukaa pembeni ametega sikio.

Picha ya Idi uliyoiomba, ile ya Houda kichwa wazi, sikukutumia kwa makusudi. Nilikudanganya eti kamera imeharibika. Nywele zake zilinyonyoka, Nura. Zilianza pembeni mwa paji mwezi wa kwanza, zikaja utosini, na zilizobaki zikawa nyekundu na nyepesi, ukizigusa unabaki nazo mkononi.

Nikasema ni misuko. Unanijua, nikishika jambo siachii. Nikamfumua, nikaanza dawa zetu za jikoni. Kitunguu kilichotwangwa na kukamuliwa maji, kila Alhamisi. Avoka iliyoiva, iliyopondwa na asali. Mayai mawili mabichi na mafuta ya nyonyo, anakaa nayo saa nzima kichwa kimefungwa kitambaa. Shuleni wakamwita Kitunguu, maskini, wala hakulia hata siku moja.

Mwezi wa tatu akaanguka uwanjani shuleni. Nikambeba mgongoni mpaka kituo cha afya. Muuguzi, mama mmoja anaitwa Caritas, akamwangalia kucha, akamwangalia macho, akanusa kichwa, akaniuliza nimempaka nini. Nikamtajia vyote, tena kwa kujisifu.

"Mama," akaniambia, "hayo mayai angeyakula."

Yalaa, nilitamani ardhi ipasuke! Wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu zilikuwa zimenyonyoka kabla ya za mtoto.

Usidhani nilimnyima. Wallahi, sahani yake niliijaza sawasawa na za wanangu, maharage, mboga ya lengalenga, samaki wadogo wa ndagala. Kumbe nikigeuka tu anawagawia wenzake, nikirudi anasema ameshiba. Nami nikaona sahani tupu, nikaridhika. Caritas ndiye aliyemshika mkono akamuuliza taratibu kwa nini hali.

"Mi nikikula kidogo, mama atarudi mbio," akasema. "Si alienda kututafutia chakula?"

Nura, maneno hayo ni yangu. Kila alipokulilia nilimwambia hivyo, nyamaza, mama ameenda kukutafutia chakula. Niliyasema nikiosha vyombo, nikikunja nguo, bila hata kufikiri. Sikujua mtoto anayapigia hesabu. Nisamehe. Nililia siku ile mpaka mama akanikemea.

Sasa anakula. Yai la kuchemsha asubuhi, avoka na wali mchana, ndagala hata vichwa vyake habakishi. Na nywele zimeanza kuota, nyeusi, zimefika pingili moja ya kidole. Najua hapo umeshukuru Mungu. Lakini bado sijakuambia nilivyomfanya ale. Nilimwambia nywele zikimfika mabegani, mama anarudi. Alikuwa amefunga mdomo mbele ya sahani, na mimi sikuwa na kingine cha kumwambia. Tangu hapo kila asubuhi anasimama kwenye kioo, anazivuta, anazipima kwa kidole, halafu anakuja mezani kumaliza chakula.

Na wewe juzi umeniambia tajiri wako anataka uongeze miaka miwili ya kazi, nawe umekubali. Sikulaumu, ningekuwa wewe labda ningekubali. Houda sijamwambia. Nitaanzia wapi?

Usitume mafuta wala dawa ya nywele, mdogo wangu. Zinaota haraka, na mimi mtu mzima nimeanza kuziogopa. Nitumie tu neno la kumwambia.

Mama anakusalimu, na shemeji yako Talal, na jirani Joëlla asiyeacha kukuulizia. Mungu akulinde katika nyumba za watu, awalainishe mioyo, akurudishe kwetu na afya yako.

Dada yako akupendaye, hata ukinikasirikia,
Kudra