Herufi za Kopo la Pipi Juu ya Kaburi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kwa jambo linalonisumbua mwezi wa pili sasa. Mimi ni mchora mabango hapa Buzuruga, duka la ujamaa na vinyozi wote wa huku ni mkono wangu, basi Bwana Morita, Mjapani aliyewafundisha vijana wetu ufundi wa injini za mitumbwi, alipofariki kwa homa, karakana alikokuwa akifundisha ikanipa kazi ya kuandika jina lake kwa Kijapani kwenye kaburi, na shemeji yangu Kashindye, karani wa pale, akaniletea karatasi yenye jina lililoandikwa vizuri na Mjapani mwingine aliyefanya kazi na marehemu, akasema, "Shemeji, fuata hii hii, usiongeze kitu." Mimi nikaona zile herufi zimekakamaa kama askari kwenye gwaride, nikachukua kopo la pipi ambalo Bwana Morita aliwahi kuwapa wanangu, lina herufi nene za mviringo, zimelala upande kama za mtu aliyeandika huku anacheka, nikadhani ndivyo wanavyoandika kwao kwa mkono wakipendana, nikalichora jina kwa mtindo huo, watu wakalisifu, nami nikavimba kichwa.

Yule Mjapani mwenzake alipofika kaburini akaeleza taratibu kwamba ule hata si mwandiko wa mtu, ni herufi za chapa zilizotengenezwa zifanane na mwandiko wa mtoto, za kuuzia pipi na sabuni, kwao haziwekwi kaburini. Akauliza nani alitoa mfano huo badala ya karatasi yake. Mshauri, nilimtaja Kashindye. Amesemwa mbele ya wafanyakazi wote na hakujitetea, kwa kunistahi mimi mume wa dada yake, siku hizi nikimsalimu anaitikia tu na kupita, na mama wa marehemu anakuja mwezi ujao kuliona kaburi la mwanawe wa pekee. Je, nipake rangi kimyakimya kabla hajafika? Najuta mno.

Shimba, Buzuruga

Ndugu Shimba, pole, ila pole yangu ni fupi. Kutojua herufi za watu si dhambi. Lakini uliambiwa usiongeze kitu, ukaongeza, kwa sababu ulitaka kusifiwa juu ya kaburi la mwenzako. Halafu ukamtwika shemeji yako mzigo. Hilo la pili ndilo baya zaidi, na unalijua. Mkeo je, anajua? Mwambie leo, kabla hajasoma gazeti hili.

Kesho nenda karakana, omba waitwe wote waliosikia Kashindye akisemwa, ukiri mbele yao. Aliyechafuliwa hadharani hasafishwi chumbani. Akikataa mkono wako, subiri. Ana haki ya kukasirika.

Kaburi usiliguse. Ukilifuta kimya utakuwa umeficha mara ya pili. Mama akifika, mwamkie kwa heshima, umweleze kupitia yule Mjapani kila ulichofanya. Huenda akalia, huenda akakugombeza; simama umsikilize. Kisha futa herufi zako mbele yake, mpe chaki, aandike mwenyewe, nawe ufuate mkono wake kwa brashi. Jina hilo ni yeye aliyempa mwanawe.