Bamama beko bado ndani

Kalenga, mujukuu wangu,

Jambo ya hapa kwetu Annexe ikufikie kule mbali. Tuko bazima. Dada yako alizaa mutoto mwanamuke, na courant ya umeme inakatika kama kawaida.

Unaniuliza: ile programu ya kompyuta munapatia bantu bure, version ya zamani mutaacha lini kuitengeneza? Benzako banasema banachoka.

Nilipokuwa kijana mu atelier ya kutengeneza treni, mashini mupya za kuvuta treni zilifika. Shefu akasema: "Ile ya makaa imekwisha, musiitengeneze tena." Lakini ni ile tu ilikuwa inapeleka bamama na mihogo yabo ku soko. Nikamujibu mbele ya bote: "Shefu, bamama beko bado ndani!" Saa za kazi zikiisha, tuliitengeneza sisi benyewe, na bamama balituletea bukari, ile ugali yetu, na kubeba makaa. Siku mashini mupya ilifika mu njia yabo, ile ya makaa tuliizima kwa mikono yetu, bila kulia.

Basi usihesabu miaka. Uliza nani iko bado ndani, na ataleta mukono gani wa kusaidia.

Hii barua naiandika na version yenu ya zamani. Ile mupya inakataa kuingia mu kompyuta yangu. Nitajifunza kuitengeneza hii ya zamani, ndiyo mukono wangu. Lakini muizime nikiwa ndani, muone!

Kambo yako, babu ambaye hajashuka