Misuli Isiyopokea Amri

Mama,

Salome wa shangazi amejifungua salama. Nimeona nikuandikie mwenyewe, maana mimi ndiye niliyempokea mtoto, na Salome alitokwa na damu kama wewe siku ile.

Baba alinikubalia nikasomee ukunga kwenye hospitali ya misheni. Sista alitufundisha kwamba mwilini mna misuli ya aina tatu. Ipo iliyoshikana na mifupa. Hiyo inakutii, ndiyo uliyoinulia jembe na kutubebea mgongoni mpaka shamba la kahawa. Upo msuli wa moyo, unaopiga wenyewe bila kupumzika. Wako niliusikia ukienda mbio, sikio langu kifuani kwako, mpaka uliponyamaza.

Halafu ipo misuli laini, ya utumbo, ya mishipa ya damu, ya mfuko wa uzazi. Hiyo haipokei amri. Mtoto na kondo la nyuma vikishatoka, mfuko hujikaza wenyewe na damu hukatika. Ukilegea, mama hawezi kuukaza kwa kutaka, hata awe na nguvu namna gani.

Niliposikia hayo nilitoka nje nikalia. Siku tuliyokuzika, shangazi alisema, "Angejikaza, angepona." Mama, wewe ulijikaza. Nilikuwepo.

Basi huko Ihanda, nyumbani kwa shangazi, kondo lilitoka, damu ya Salome ikazidi. Nilimgusa tumbo, nikakuta mfuko umelegea kabisa. Shangazi akawa anamhimiza, "Jikaze, mwanangu."

Nikamwambia, "Shangazi, hili si la kujikaza. Mwekee mtoto kifuani anyonye, kunyonya huukaza mfuko."

Nikausugua mfuko kwa juu ya tumbo. Mikono iliuma, sikuacha. Polepole nikausikia unakazana chini ya kiganja, ukawa mgumu, na damu ikakatika.

Salome alipopata usingizi, shangazi aliniuliza, "Na mama yako?" Nikamweleza yote. Akasema, "Kumbe nilimsingizia." Jumapili, baada ya ibada, aliyarudia hayo mbele ya akina mama wote, akikutaja jina.

Mvua zikipungua nitapanda hadi kijiji cha Mbebe kukaa na wakunga wa kule, niwaonyeshe mahali pa kuweka mkono. Nitakwenda kila kijiji kitakachonipokea. Pumzika, mama yangu. Kazi hii naiweza.

Mwanao,
Tabitha